Ndani ya Mashua Moja na Mkwe

Mkwe wangu aliponialika mara ya kwanza kwenda naye kuvua samaki, nilimwambia nitaangalia zamu zangu za kazini. Aliponialika mara ya pili nikasema mgongo unanisumbua. Mara ya tatu hakuja mwenyewe. Alimtuma binti yangu, ambaye alifika kwangu Alby, nje kidogo ya Stockholm, jioni moja ya Agosti, akakaa jikoni bila kuvua koti, na kuniambia kwamba Mswidi hakaribishi mtu mara tatu kwa adabu tu. Akifika mara ya tatu, ana nia.

Aliyasema hayo kwa Kiswidi. Tangu alipoanza shule, mimi humwuliza kwa Kiswahili naye hunijibu kwa Kiswidi, na tumeishi hivyo bila ugomvi.

"Anataka akufahamu, mama," alisema. "Mezani haongei. Kwenye mashua anaongea."

Nikamwuliza kama anakumbuka nilivyomweleza kuhusu wakwe. Akasema anakumbuka vizuri, ila hajawahi kuelewa.

Simlaumu. Kwetu, upande wa Mara, mama wa binti na mume wa binti hawazoeani. Hawashikani mikono, hawali sahani moja, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Nilipokuwa mdogo nilimwona bibi yangu akiingia kwenye shamba la watu, miguu yote ikazama kwenye matope, kwa sababu mume wa shangazi yangu alikuwa anakuja na baiskeli. Nilimwuliza bibi kwa nini. Akasema heshima haiulizwi kwa nini. Mimi nilikuwa mtoto wa maswali, kwa hiyo jibu lile lilinikaa moyoni, lakini utaratibu wenyewe niliubeba hadi Sweden pamoja na vyeti vyangu vya shule. Siku ya harusi ya binti yangu nilimwinamia mkwe wangu kwa mbali, naye akaniinamia, maana binti alikuwa amemfundisha. Baadaye alijifunza kusema "Shikamoo, mama", nami huitikia "Marahaba". Baada ya hapo sote wawili tulikuwa hatuna la kuongeza.

Yeye ni mzaliwa wa Tumba, mji jirani na Alby, fundi wa lifti, mrefu, mwenye tabia ya kuangalia dari akiingia kwenye nyumba ya mtu. Mimi ni mjane. Kazi yangu ni kuchukua damu kwenye maabara ya hospitali. Nilikuja nchi hii kama mwanafunzi na sijaacha kuwa mtu wa maabara hata nikiwa jikoni, na hilo ndilo lililonipeleka ziwani. Maneno ya binti hayakutosha.

Siku ile alikuwa ameniletea samaki kutoka kwa mumewe, amefungwa kwenye gazeti. Binti alipoondoka nilimfungua kwenye sinki. Waswidi humwita gös, herufi ya kwanza ikitamkwa kama y. Ni samaki mwembamba, mrefu kama mkono wa mtu kutoka kiwikoni hadi vidoleni, rangi ya kijani kibichi kilichochujuka, ana mistari hafifu ubavuni, na mapezi ya mgongoni ni miiba mitupu. Mdomoni ana meno mawili marefu mbele kama ya mbwa. Lakini mimi niliona jicho. Lilikuwa jeupe kwa ndani, kama kioo kilichotiwa ukungu, na nilipogeuza kichwa chake kuelekea taa ya jikoni likawaka.

Nilimpigia dada yangu simu ya video. Yeye anaishi Musoma na amekula samaki maisha yake yote. Nikamwonyesha.

"Huyo ni sangara," alisema bila kusita.

Nikamwambia si sangara, sangara hayuko huku. Akasema basi ni mdogo wake aliyehamia baridi akakonda. Tulicheka, lakini kesho yake, nikiwa dukani, nilichukua pakiti ya minofu ya samaki huyo iliyogandishwa nikasoma majina yaliyoandikwa kwa lugha mbalimbali. Kwa Kijerumani ni Zander. Nilisimama mbele ya friji ya duka nikilitamka neno hilo kimya kimya: zander, sangara. Nikamtumia binti ujumbe kwamba Jumamosi nina nafasi.

Mashua ilikuwa ya bati jepesi, imefungwa kwenye gati dogo katika ghuba mojawapo ya Mälaren. Mälaren ni ziwa kubwa, lakini halijionyeshi lote kama ziwa letu la kule Mara. Limejaa visiwa na pembe, kwa hiyo unaona kipande tu, kisha ukizunguka miti unakuta kipande kingine kipana zaidi. Nilikuwa nimekulia karibu na maji bila kuwahi kukaa kwenye mashua ya kuvulia. Kwetu wanawake tulipokea samaki ufukweni, wakiwa wamekwisha kufa, na kazi yetu ilianzia hapo.

Kabla ya yote nilipima nafasi. Kulikuwa na benchi la nyuma karibu na injini na benchi la mbele, na katikati mtu angeweza kulaza mwavuli. Mkwe wangu alikuwa amelifikiria jambo hilo. Alikuwa ameweka ndoo na sanduku la vifaa katikati, kama mpaka, akaniambia benchi la mbele ni langu na hatalivuka bila kuniomba. Nikajua binti amemweleza zaidi ya shikamoo. Nilivaa jaketi la kuelea, lililonifanya nishindwe kuona miguu yangu, nikakaa.

Alichosema binti kilikuwa kweli: kwenye mashua alizungumza. Tuliongea Kiswidi, na kila nilichouliza alikijibu, na nilipomaliza swali moja alingojea lingine. Aliniambia maji ya Mälaren ni mazito, hayaonyeshi mbali, na samaki wengi humo huwinda kwa shida. Gös ana tabaka nyuma ya jicho linalorudisha mwanga, kwa hiyo mwanga mdogo anautumia mara mbili. Ndiyo maana hupenda jioni na maji machafu. Mchana hujilaza chini kabisa. Nikauliza je, mwanga mkali unamwumiza? Akafikiri, akasema hajui, ila samaki huyo haonekani kuupenda. Nilifurahi kusikia mtu akisema hajui.

Kifaa chenyewe kilikuwa kisamaki cha mpira kilichotungwa kwenye ndoana yenye kichwa cha risasi. Unakishusha moja kwa moja chini ya mashua hadi mshipi ulegee, ndipo unajua kimegusa sakafu ya ziwa. Unakiinua kidogo, unakiacha kianguke. Unakiinua, unakiacha. Basi. Karibu na injini kulikuwa na kioo kidogo cha kupimia kina, na humo samaki walionekana kama kucha zilizokatwa. Nilikitazama kile kioo kuliko nilivyotazama ziwa.

"Kiache," alisema. "Na usiangalie ncha ya fimbo ya kuvulia. Akigusa, kidole kitajua kwanza."

Nikamwambia hayo ndiyo maneno ninayowaambia wanafunzi maabara. Sindano ikiingia kwenye mshipa wa damu kuna kitu kinachoachia, kidogo sana, na anayesubiri kukiona kwa macho amekwisha kupita upande wa pili. Akaniuliza nilichukua muda gani kukifahamu. Nikasema mwaka mzima, na watu wengi waliumia.

Siku ile sikupata kitu. Niliinasa sakafu ya ziwa mara nyingi, na kila mara nilidhani ni samaki mkubwa. Yeye alipata mmoja mdogo, akamlaza juu ya rula iliyobandikwa kwenye benchi, akamrudisha majini kwa sababu hakufika urefu unaoruhusiwa. Tuliporudi, dada yangu alinipigia, akauliza nimeleta nini. Nikasema maswali.

Nilienda tena Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata. Niligundua kwamba mguso wa gös haufanani na nilivyoutarajia. Nilitarajia avute, kumbe hagombani. Anavuta maji kinywani pamoja na kisamaki cha mpira, na unachosikia wewe ni pigo moja dogo, kama mtu aliyegonga mlango kwa kidole kimoja kisha akabadili mawazo. Ukijiuliza kama kweli amegonga, ameshatema. Nilikosa kwa njia hiyo jioni nzima. Mkwe wangu hakunicheka wala hakunifariji. Alisema tu "huyo alikuwa yeye", au "hilo lilikuwa jiwe", na kwa namna hiyo polepole nikaanza kutofautisha.

Jioni ninayotaka kuisimulia ilikuwa mwanzoni mwa Septemba. Hakukuwa na upepo na maji yalikuwa yametulia kama chai iliyosahauliwa mezani. Jua lilikuwa limeshafika kwenye ncha za misonobari. Mkwe wangu alikuwa amebadilisha chambo changu, akanifungia kisamaki kikubwa zaidi chenye ndoana mbili: moja mgongoni, na nyingine ya makucha matatu karibu na mkia, ya kuwanasa wanaouma kwa nyuma. Nilikishusha, kikagusa chini, nikakiinua. Kilipokuwa kinaanguka, kidole changu kikajua. Mkono uliinuka wenyewe kabla sijaamua chochote, na fimbo ikapinda.

Jiwe halitikisi kichwa. Huyu alitikisa. Nilisikia kila mtikiso hadi begani, mzito, wa polepole, na mshipi ukaanza kutoka kwa mlio ambao sikuwa nimewahi kuusikia. Mkwe wangu alizima kioo, akaweka fimbo yake chini, akaniambia nimwache avute mshipi akitaka kuvuta na nimrudishe akichoka, nisimlazimishe. Sikumbuki tulichukua muda gani. Ninakumbuka kwamba alipotokea juu ya maji, rangi ya shaba upande mmoja, macho mawili yakiwaka kama vifungo, nilisema "Yesu wangu" kwa sauti ndogo.

Mkwe wangu aliniomba ruhusa ya kuvuka ndoo. Nilisema vuka. Akamchota kwa wavu wa mkono, akamlaza chini ya mashua, akapiga goti na kuingiza mkono wavuni kumtoa ndoana. Hapo samaki akajipinda mara moja, kwa nguvu zote, na mkwe wangu akatoa sauti ya mtu aliyekanyaga kaa la moto.

Ndoana ya mgongoni ilikuwa bado kwenye taya la samaki. Kucha moja ya ile ndoana ya mkiani ilikuwa imezama kwenye kiganja cha mkwe wangu, kwenye nyama nene chini ya kidole gumba, na kila samaki aliporuka, mkono nao uliruka.

Sikufikiri kuhusu bibi yangu wala shamba la watu. Nilishuka kutoka kwenye benchi langu nikapiga magoti, nikambana samaki nyuma ya kichwa kwa magoti na mkono wa kushoto, miiba yake ikanichoma kupitia suruali. Kulikuwa na rungu dogo la mbao la kuulia samaki kwenye sanduku. Sikuwa nimewahi kulitumia. Nilimpiga kichwani mara mbili, akatetemeka, akatulia. Kisha nilichukua koleo nikakata kiungo kati ya ndoana mbili, mkono ukaachana na samaki, na kwa mara ya kwanza tukavuta pumzi.

Uso wake ulikuwa mweupe kuliko kawaida yake. Alisema twende gatini, ataendesha kwa mkono mmoja hadi zahanati. Nikamwambia aniletee mkono huo niuone. Alisita. Alitazama ile ndoo iliyokuwa imepinduka, maji yake yakitembea kati ya miguu yetu, akanitazama mimi.

"Mama, si haifai?" aliuliza.

"Lete mkono," nilisema.

Kila siku kazini nashika mikono ya watu nisiowajua, wazee, walevi, watoto wanaopiga mateke, na mkono huu wa mume wa binti yangu sikuwa nimewahi kuugusa. Ulikuwa mkubwa, una joto, na ngozi ngumu ya mtu anayeshika nyaya za chuma. Nikaugeuza kwenye mwanga. Ndoana ina kijino kinachotazama nyuma, na ukivuta kama ulivyoingiza, kijino kinashika nyama. Lakini miaka ya nyuma nilimwona daktari mmoja akimtoa mzee ndoana mkononi, na nilikuwa nimemwuliza amefanyaje. Unapitisha uzi imara kwenye mpindo wa ndoana, unakandamiza shina lake chini, lilale kwenye ngozi, ili kijino kiachie, kisha unavuta uzi mara moja, kwa ghafla, sambamba na ngozi. Nilikuwa nimeona tu. Sikuwa nimefanya.

Nilikata kipande cha mshipi mnene, nikakizungusha mkononi mwangu. Wagonjwa wenye hofu huwa nawauliza swali, kwa sababu mtu hawezi kujikaza na kukumbuka kwa wakati mmoja. Nikamwuliza ilikuwaje siku ya kwanza alipomwona binti yangu.

"Nilikuwa nimezima lifti ya shule anayofundisha," alisema. "Yeye alikuwa na meza ya kupandisha ghorofa ya nne. Akanitukana kwa lugha ambayo..."

Nikavuta. Ndoana ilitoka, ikagonga ubavu wa mashua, ikatumbukia majini. Yeye alitazama kiganja chake kana kwamba ni cha mtu mwingine. Damu ilikuja kidogo, nyekundu safi, nikaiacha ioshe tundu, kisha nikafunga kwa kitambaa kutoka sanduku la huduma ya kwanza.

"Lugha ambayo nini?" nikauliza.

"Ambayo sikuijua. Baadaye nikaambiwa ni Kiswahili."

Nikamwuliza alisema nini. Akatamka neno hilo kwa uangalifu, kama mwanafunzi: "Mshenzi." Na lingine refu zaidi, ambalo sitaliandika, na ambalo mwanangu hakulipata popote ila jikoni kwangu. Nilicheka hadi nikashika ubavu wa mashua. Miaka yote nilidhani Kiswahili changu kinaingia sikio moja na kutokea jingine, kumbe kilikuwa kinatunzwa kwa ajili ya watu wa lifti.

Hatukuwasha injini mara moja. Mashua ilikuwa inasogea yenyewe polepole kuelekea kisiwa chenye matete. Yeye alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye benchi, mkono wenye kitambaa juu ya goti, karibu yangu kuliko alivyowahi kuwa. Akasema kuna jambo amelibeba tangu harusi.

"Ulikubali, mama? Au ulinyamaza tu?"

Ningeweza kumpa jibu la adabu. Nilimwambia nilinyamaza. Nilimweleza kwamba baba yake binti angekuwa hai, yeye ndiye angeulizwa na yeye ndiye angejibu, na mimi ningejibu kwa kupika. Alipofariki, binti akiwa bado shuleni, hakuna aliyeniambia sehemu yake ya maneno imekuwa yangu. Nilikuwa sina sababu ya kumkataa mtu huyu wala sababu ya kumkubali, kwa kuwa nilikuwa simjui.

"Na sasa?"

"Sasa nimekuona ukiumia," nilisema. "Hukumtupia mtu lawama, na hukuniambia niharakishe. Nimekubali."

Aliitikia kwa kichwa. Kisha akaangalia angani, kama anavyoangalia dari za watu. Nami nilimpa nafasi yake, nikajishughulisha na kukusanya vifaa.

Zahanati walimchoma sindano ya pepopunda na kusema aliyetoa ndoana amefanya vizuri. Samaki tulimkaanga nyumbani kwao Tumba, vipande vyenye ngozi kwa siagi, na vingine nikavipika kwa nyanya, ndimu na pilipili. Nyama yake ni nyeupe, inaachana kwa tabaka, haina harufu nzito. Tulikula watatu meza moja. Binti alitaka kujua kwa nini mumewe ana bandeji na kwa nini mama yake anacheka kila akiangaliwa. Mumewe alimwambia nusu ya kwanza. Nusu ya pili nilimwambia mimi, pamoja na lile neno refu, naye akajifunika uso kwa kitambaa cha meza.

Dada yangu nilimweleza yote kesho yake, pamoja na kushika mkono. Hapo kwenye mkono akanitaka nirudie. Halafu akauliza kama mkono umepona. Nikasema unapona. Akasema vizuri, kisha akauliza kama samaki huyo ana mafuta mengi au kidogo, maana hilo ndilo lingemwonyesha kama ni ndugu wa sangara kweli. Nikasema kidogo. Akasema basi wa Musoma ni bora. Kuhusu jina, bado sijapata mtu wa kunithibitishia kama zander na sangara vina uhusiano wowote. Niliwahi kumwuliza mtaalamu wa lugha aliyekuja kupimwa damu, akasema hadhani. Lakini naye wakati huo macho yake yalikuwa kwenye sindano.

Mwezi wa Oktoba, wiki ya mwisho kabla mashua haijavutwa nchi kavu, tulitoka asubuhi. Kulikuwa na baridi inayouma masikio na upepo wa pembeni, hakuna samaki aliyetugongea hata mara moja, na tulikula mayai ya kuchemsha na kunywa kahawa tukiwa tumevaa glavu. Mkwe wangu alisema ni wakati mzuri wa kujifunza injini, kwa kuwa hakuna atakayetuona. Nilivuta kamba ya kuwashia hadi bega likalalamika. Ilipowaka, niligeuza usukani upande usio wake, kwa sababu mpini wa injini ukisukumwa kulia mashua huenda kushoto, na mwili wangu haukutaka kuamini jambo hilo. Tulizunguka duara kubwa mbele ya kisiwa. Kisha duara dogo. Kisha nikapata mstari, uliopinda kidogo, nikaushikilia hadi gatini, ambapo nilipunguza mwendo kwa kuchelewa na tukagonga mbao kwa kishindo kilichowaamsha bata wote wa ghuba ile.

Mkwe wangu aliruka na kamba, akaifunga, akainama kukagua pua ya mashua. Alisema imebonyea kidogo tu, akanipa mkono nishuke, nami nikaushika.